Safu ya "Wengineo"

Kila ripoti ya uvuvi wa Ziwa Viktoria niliyowahi kuishika imepangwa kwa namna moja. Kuna safu ya sangara, ambaye huku kwetu Kisumu tunamwita mbuta. Kuna safu ya omena. Kuna safu ya tilapia wa Nile. Kisha, mwisho kabisa upande wa kulia, kuna safu nyembamba iliyopewa jina la "wengineo". Humo ndimo wanamosongamana ningu, fwani, mbiru, ngege wa asili, kamongo, na mara nyingi fulu wote pamoja, ambao peke yao ni mamia ya spishi. Nimefanya kazi ya ikolojia ya maji baridi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima, na karibu yote nimeifanya ndani ya safu hiyo. Vijana wanaomaliza shahada ya kwanza huniandikia wakiuliza kama kazi hii ina riziki, inasomewa wapi, na mtu huanzia wapi. Nitawajibu hapa, lakini kwanza nieleze kwa nini naamini kwamba wajibu wa kwanza wa mtaalamu wa maji baridi ni kuwafuatilia viumbe ambao soko halina haja nao, kwa sababu asipowafuatilia yeye hakuna mwingine atakayefanya hivyo.

Mito, maziwa na vinamasi havifuniki hata asilimia 1 ya uso wa dunia, na bado vinabeba karibu nusu ya spishi zote za samaki zinazojulikana. Mwaka 2018 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilitoa tathmini ya spishi 651 za samaki, konokono na kome, kereng'ende, kaa, kamba na mimea ya majini ya bonde la Ziwa Viktoria. Kati ya zile ambazo hazipatikani kwingine popote duniani, asilimia 76 zilikuwa katika hatari ya kutoweka. Kilichonishtua zaidi ya asilimia hiyo ni orodha yenyewe, kwa maana wengi wa waliotajwa humo hawana bei, hawana picha katika kitabu cha shule, na hawana hata mvuvi mmoja anayetoka alfajiri kuwatafuta kwa makusudi.

Wenye kisa kirefu zaidi miongoni mwao ni fulu. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya eneo hilo. Ni ziwa pana lisilo na kina kirefu. Sehemu yake ya chini kabisa ni kama mita 80. Wataalamu waliochunguza mashapo ya sakafu yake wamegundua kwamba lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Maana yake ni kwamba fulu hawa, ambao spishi zao zinakadiriwa kuwa zaidi ya 500, walitengana na kuwa viumbe mbalimbali katika muda ambao kwa hesabu ya kijiolojia ni mfupi mno. Ni vigumu kupata kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililogawanyika kwa kasi ya namna hiyo, na limegawanyika hapa, mbele ya mji wetu, katika maji ambayo watu wanaoshea magari.

Ukiwamwaga fulu kwenye trei pale ufuoni, mtu asiyewazoea huona samaki wadogo wa kijivu wenye miiba, ambao mama samaki huwapima kwa gorogoro pamoja na masalio ya wavu. Anayejifunza kazi hii lazima akae nao muda mrefu zaidi. Chukua lenzi ya mkono, funua mdomo, tazama meno. Mmoja ana mistari mingi ya meno mafupi yaliyopangwa kwa ukaribu, kwa kuwa anakwangua mwani kwenye mawe. Mwingine ana mdomo mkubwa na meno yaliyochongoka, huyo anakula samaki wenzake. Fulu ana taya la pili ndani ya koo, na ukilipasua la yule anayekula konokono utakuta meno mapana yaliyobanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, yenye nguvu ya kuvunja gamba. Wapo hata wanaoishi kwa kula mayai na vifaranga vya fulu wengine, ambavyo huwanyang'anya akina mama mdomoni. Nasema mdomoni kwa sababu jike wa fulu hulelea mayai yake humo. Huyabeba, huyageuzageuza ili yapate hewa, na hata vifaranga vikishaanguliwa huvifumbata tena hatari inapokaribia. Ukimkuta jike mwenye koo lililotuna, usimbane mwilini. Mlegeze taya kwa kibanio juu ya maji, na mayai ya rangi ya manjano yatadondoka moja moja. Ni machache, kwa kawaida ni makumi tu, na uchache huo unaeleza kwa nini samaki wa namna hii akivuliwa kupita kiasi hachukui muda kwisha.

Utafiti wa nyavu za kukokota uliofanywa ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ulionyesha kwamba angalau asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa walikuwa fulu. Wakati huo sangara alikuwa tayari ndani ya maji. Alikuwa ameingizwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana, kwa hoja kwamba atawageuza fulu wasio na thamani kuwa nyama yenye thamani. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo, akaonya juu ya matokeo yake. Hakusikilizwa. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka kwa kasi kubwa, fulu wakaporomoka, na spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikawa adimu kiasi cha kutoonekana tena. Sitaki kumsimulia sangara kama adui tu. Amejenga viwanda vya minofu, amesomesha watoto wa Suba, Mbita na Usenge, na mgongo wazi wake, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, umelisha maelfu ya watu wa kipato cha chini. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kumleta ulifanywa na watu waliotazama ile safu ya mwisho na kuona mahali patupu.

Sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Maji yenyewe yalibadilika. Mbolea na udongo wa mashamba, maji taka ya miji na moshi wa kuchoma nyasi na makaa unaorudi na mvua vimelirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani umeongezeka, na mwanga hauingii mbali. Fulu wengi huchaguana kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapokuwa na tope, majike hushindwa kutofautisha madume ya spishi yao na ya spishi jirani, rangi hufifia, na spishi mbili huanza kuchanganyika hadi kuwa moja. Mmoja wa fulu waliowasaidia kuelewa jambo hilo ni Pundamilia nyererei, samaki mwekundu wa kupendeza sana aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Hilo ni badiliko ambalo marufuku ya nyavu haiwezi kulizuia, kwa kuwa hakuna aliyemvua samaki huyo. Spishi inapotea wakati samaki mmoja mmoja wapo hai na wanazaliana.

Kuna upande wa pili wa habari hii, nao ndio unaonifanya niendelee. Sangara alipoanza kuvuliwa kwa wingi, baadhi ya fulu walirudi. Watafiti waliokuwa Mwanza, waliokuwa wameanza kukusanya na kupima fulu mwaka 1977 kabla ya kuporomoka kwao, waliwapima tena wale waliorudi na kukuta miili imebadilika. Katika spishi moja ya wala-viumbe-vidogo, mashavu ya kupumulia yalikuwa yamekua makubwa zaidi ili kukabiliana na maji yenye oksijeni kidogo. Mabadiliko hayo yalitokea katika miongo michache tu. Tunayafahamu kwa sababu moja: kuna watu waliohifadhi samaki wa bei ya chini kwenye chupa za spiriti, wakaziandika lebo vizuri, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba chupa hizo zingehitajika.

Mito nayo ina ushahidi wake, na kwangu mimi mito ndiyo sehemu iliyosahauliwa zaidi. Zamani usubi, ugonjwa wa upofu unaoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaana mitoni, uliwatesa watu wa mabonde kadhaa ya Nyanza na Magharibi, pamoja na bonde la Kodera. Katika miaka ya 1940 mito ilianza kutiwa DDT, dawa ya kuua wadudu, na nzi wakatoweka sehemu hizo, ingawa hakuna aliyekuwa amewahi kumwona buu wa nzi huyo katika maji. Alitafutwa kwenye mawe na kwenye majani, asionekane. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon walitangaza kwamba wamempata: alikuwa amejibandika juu ya kaa wa mtoni. Kaa yule yule ambaye watoto humchokoa kwa vijiti chini ya mizizi ndiye aliyekuwa akimbeba mdudu anayepofusha vijiji. Huwaeleza wanafunzi kisa hiki kila mwaka. DDT iliua wadudu wengine wengi wa mito ile, na hatuna orodha kamili ya waliokuwamo kabla, kwa hiyo hatutajua kamwe tulipoteza nini pamoja na kile tulichotaka kukipoteza.

Kazi ya mtoni ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri. Unasimama ndani ya maji yanayofika magotini, mahali penye mawe na mkondo, unaweka wavu wa fremu upande wa chini, kisha unayakoroga mawe kwa mguu na kuyasugua kwa mkono ili kila kilichoshikilia kisombwe kuingia wavuni. Unakimimina kwenye sinia jeupe na kusubiri matope yatulie. Sehemu za juu za mito ya Nandi na ukingo wa Msitu wa Kakamega, sinia huanza kutembea: mabuu bapa yenye mikia mitatu yanayokimbia kingoni, mabuu mengine yaliyojijengea vijumba vya mchanga na vijiti, kereng'ende wachanga wanaonyemelea wenzao. Wengi wa wadudu hao hawavumilii maji yaliyokosa hewa. Teremka na Mto Nyando hadi tambarare za Kano, au ingia mjini hadi Mto Kisat, uoshe mawe kwa namna ile ile, na sinia litakuletea minyoo na mabuu mekundu ya visubi tu, wale wenye uwezo wa kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni. Kipimo cha kemikali kinakuambia hali ya maji ya saa ile uliyoyachota. Wadudu wanakuambia hali ya miezi iliyopita, kwa sababu wameishi humo wakati wote, na mtu aliyefungulia taka usiku hawezi kuwaficha.

Katika mito hiyo ndimo alimokuwa akipanda ningu. Ningu huishi ziwani, na mvua za masika zinapojaza mito hupanda kwa makundi kwenda kutaga pembezoni, kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Watu wa Nzoia, Nyando, Sondu na Kuja walimjua kwa msimu wake, na walimvua kwa vizuizi vya matete na mitego ya vikapu iliyowekwa kwa utaratibu wa koo na familia. Kisha zikaja nyavu za makila, zile zinazonasa samaki kwa mashavu, zikatandazwa midomoni mwa mito wakati ule ule samaki wanapoingia wakiwa na mayai tumboni. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu na jinsi mbinu za kienyeji za Mto Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja naye. Leo IUCN inamweka miongoni mwa spishi zilizo hatarini kabisa. Mzee mmoja wa Ahero aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye ukingo uliobomoka, "Binti yangu, zamani ningu walipopanda tulisikia maji yakipiga kelele usiku. Sasa wajukuu wangu wanadhani ni jina la mtu." Nilimuuliza walikuwa wakipita upande gani wa mto. Alinionyesha ufuo wa ndani wa kona, palipokuwa na nyasi, na ambapo sasa ni udongo mtupu uliokatwa wima. Kwa mtafiti, maelezo ya aina hiyo yana thamani ya data ya miaka mingi, na huwezi kuyapata ukija na fomu ya maswali na kuondoka kabla ya chai.

Ningu wamewahi kuzalishwa kituoni huko Kegati karibu na Kisii, kwa kuchochewa kutaga, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kifaranga kilichozalishwa kwenye tangi kinahitaji mto wa kurudishwa, na mto wa kumpokea ningu ni mto wenye kingo za nyasi, wenye njia isiyozibwa na wavu wakati wa masika. Kazi hiyo haifanywi na mwanabiolojia peke yake. Inahitaji vikundi vya usimamizi wa fuo, jumuiya za watumiaji wa maji, wakulima wa mpunga na miwa, na machifu. Kijana anayedhani amechagua taaluma ya kukaa na samaki atagundua kwamba sehemu kubwa ya siku zake atakaa na watu, tena katika mikutano mirefu chini ya mwembe.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe. Masomo yanapatikana hapa hapa. Chuo Kikuu cha Egerton kimejenga jina katika limnolojia, yaani elimu ya maji baridi, na wanafunzi wake wamejifunzia Mto Njoro, unaoshuka kutoka Mau hadi Ziwa Nakuru. Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya uvuvi na sayansi za majini, na Maseno iko karibu kabisa na ziwa. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, ina kituo Kisumu. Kabla ya hapo utafiti wa maziwa ya eneo zima uliongozwa kutoka Jinja, Uganda. Nafasi za kudumu ni chache. Wengi wetu tumeishi kwa mikataba ya miradi, na mradi ukifika mwisho mshahara hukoma mwezi ule ule. Jambo lililoniumiza zaidi ya mshahara ni data. Niliwahi kushiriki mradi uliopima mito kadhaa kwa uangalifu mkubwa, na ulipofungwa, madaftari ya shambani yalibaki katika ofisi ambayo baadaye ilihamishwa, na hadi leo hakuna anayeweza kusema yako wapi. Tangu hapo kila ninachopima nakiweka nakala katika sehemu nyingine zaidi ya moja, na namtaka kila mwanafunzi wangu afanye hivyo kabla hajaoga matope.

Vifaa vya lazima si vingi. Sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, ile ya nyeusi na nyeupe inayoteremshwa kwa kamba hadi isionekane, imetumika tangu karne ya 19 na bado inatoa jibu la kuaminika. Kipima oksijeni kinafaa kutumiwa kabla jua halijachomoza, kwa sababu mwani unaotoa oksijeni mchana huivuta usiku, na maji ya ghuba yanayoonekana salama saa sita yanaweza kuwa yamekaribia kukosa hewa saa kumi na moja alfajiri. Wafugaji wa samaki katika vizimba wanalijua hili kwa uchungu, hasa wale waliopata hasara mwishoni mwa 2022, maji yasiyo na hewa yalipopanda kutoka chini na samaki wakafa kwa wingi katika Ghuba ya Winam. Kuhusu afya, kila anayeingia maji haya apimwe kichocho mara kwa mara na anywe praziquantel anapoandikiwa. Konokono wanaokibeba wako karibu kila ufuo wenye majani.

Wasichana huniuliza kuhusu mitumbwi. Ni kweli kwamba katika fuo nyingi za Nyanza ilikuwa mwiko mwanamke kupanda chombo cha kuvulia, na nilipoanza nilikuta manahodha waliokataa kunibeba kwa heshima na kwa uthabiti. Nilianza na wale waliokubali, nikarudisha matokeo ya vipimo ufuoni na kuyaeleza kwa wote, na kidogo kidogo waliokataa wakawa wananiuliza oksijeni iko vipi kabla ya kuamua watege wapi. Taaluma yenyewe iliwahi kuwa na miiko mikubwa zaidi ya hiyo. Rosemary Lowe, ambaye utafiti wake juu ya tilapia wa Afrika Mashariki bado tunausoma, alilazimika kuacha kazi yake Jinja mwaka 1953 alipoolewa, kwa kuwa kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki. Aliendelea kutafiti kwa miongo mingi baadaye bila cheo kile.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza Kanyaboli. Ni ziwa dogo la kilomita za mraba kama 10 katika Kaunti ya Siaya, lililotengwa na ziwa kuu na mafunjo ya Kinamasi cha Yala. Ndimo alimobaki ngege wa asili, Oreochromis esculentus. Nyavu za makila zilipoletwa katika ghuba yetu mwaka 1905, ngege ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa biashara, na mtafiti Michael Graham alipofanya uchunguzi wa ziwa mwaka 1927 na 1928 alikuta tayari anapungua. Kisha akaletwa tilapia wa Nile, aliyekua haraka zaidi na kumshinda mahali pa kula na pa kutagia, mpaka jina la ngege likahamia kwake sokoni. Katika ziwa kuu ngege wa kweli karibu hayupo tena. Katika Kanyaboli alinusurika kwa sababu mafunjo hupunguza oksijeni ya maji yanayopita humo, na sangara, ambaye anahitaji hewa nyingi, hawezi kuyavuka. Kamongo, mumi na baadhi ya fulu huyavumilia. Kinamasi ambacho kwa miaka mingi kimeandikwa kwenye mipango ya maendeleo kama ardhi isiyotumika ndicho kilichomlinda samaki huyu, na sehemu yake kubwa ilikwisha kukaushwa kwa kilimo.

Hatari iliyopo sasa si ya sangara. Vinasaba vya tilapia wa Yala vimechunguzwa, na dalili za ngege kuchanganyika na tilapia wa Nile zimeonekana. Tilapia wa Nile ndiye anayefugwa katika mabwawa ya mashambani, na mvua kubwa zinapojaza mabwawa hayo samaki hutoka na kufuata mitaro hadi kinamasini. Wanaofuga samaki hawana kosa. Walihimizwa kufuga, na ufugaji unawalisha. Ninachowaomba wenye mashamba ya Siaya yanayopakana na Yala ni kwamba wanapochimba bwawa wachague sehemu ya mwinuko, wainue kingo juu ya alama ya mafuriko ya 2020, waweke wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na wasipeleke vifaranga vilivyobaki kwenye ziwa kwa nia ya kulisaidia. Afisa wa uvuvi wa kaunti huja kukagua mahali akiitwa, na ni heri aitwe kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, wakati bwawa bado linaweza kusogezwa.